Usaha Chini ya Gundi

Ulikiona, usikatae. Ulimpa Fundi Soli kiatu chako, ukakiona kidole gumba chake kilivyovimba, ukageuza macho barabarani.

Fundi hatulii. Anakaa, anasimama. Anashika sindano, anaitupa. Kidole kinampwita. Siku tatu nyuma sindano ya kushonea soli ilimchoma. Akafanya kama mafundi wenzake wote: akapaka gundi ya viatu juu ya tundu, akaendelea kushona.

"Baba watoto, hicho kidole au nyanya?" mkewe aliuliza.

"Kitapoa. Gundi inashika soli, itashindwa ngozi?"

"Soli haina damu! Marehemu baba yako alikatwa kidole kwa sababu ya gundi hiyohiyo. Mkasema bahati mbaya. Mimi sijasahau."

Asubuhi ya nne fundi alitetemeka juani. Mstari mwekundu ulikuwa umepanda kutoka kwenye gumba hadi karibu na kiwiko. Mkewe akakimbia kumwita jirani, muuguzi wa zahanati.

"Shemeji, umejifanya kiatu?" muuguzi alifoka. "Ngozi ni ukuta. Sindano imetoboa, bakteria wameingia. Wewe ukawafungia ndani!"

"Na huu usaha unaochuruzika pembeni ya gundi?" fundi aliuliza.

"Ni mabaki ya vita. Mwili una kinga yake. Chembe nyeupe za damu hukimbilia kwenye jeraha, huwameza bakteria, na nyingi hufa palepale. Ndiyo maana pamevimba, pana moto. Kinga yako imepigana siku tatu peke yake. Mstari huu unasema inazidiwa. Inuka."

"Kwanza nimalizie hii soli…"

"Utaimalizia kwa mkono upi, huu ukikatwa?"

Fundi aliiweka soli chini. Akainuka.

Zahanati walimpasua uvimbe, wakausafisha, wakampa dawa. "Umeze mpaka ziishe," muuguzi alimwonya, "hata ukijiona mzima kesho. Na usikamue jipu kamwe."

Baada ya wiki mbili gumba lilirudi kazini, zima. Siku hizi fundi akichomwa, huosha jeraha kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, kisha hulifunga kwa kitambaa safi. Mwenzake akifungua kopo la gundi kwa ajili ya kidonda, humpokonya.

Na wewe? Tazama mikono ya watu wako leo. Ukiona uvimbe unaozidi, homa au mstari mwekundu, usiseme pole ukapita. Mpeleke zahanati. Sasa hivi. Simama!