Majina Mawili ya Sanduku Moja

Mwanamke alikuwa amekwisha kufa.

Sindano alipiga goti kwenye sakafu ya jiko, akamgusa shingoni. Baridi. Mikono ilikuwa imefungwa kwa waya wa pasi. Alikuwa mwalimu wa chekechea, miaka ishirini na saba, na kosa lake lilikuwa moja tu: kuzaliwa tumbo moja na mtu anayejua kompyuta.

Kwenye korido, mlinzi ambaye watekaji walimwacha nyuma alikoroma, risasi mbili za Sindano tumboni.

"Lini?" Sindano alimuuliza.

"Leo. Saa sita. Njia ya tatu."

"Mmepakia nini?"

"Unga. Unga wa mionzi. Unakwenda kumwagwa kwenye bwawa la maji. Lori likikamatwa, mtu wa Land Cruiser nyuma yake analilipua kwa simu." Akakohoa damu.

Hakukohoa tena.

Sindano alitazama saa yake ya Casio. Saa tano kasoro kumi. Redio yake ya Motorola ikakwaruza kiunoni.

"Shangazi kwa Sindano."

Shangazi alikuwa mkuu wa idara. Hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti.

"Nakupata, Shangazi."

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Tumechelewa. Hayupo tena."



"Kaka yake yuko zamu kituo cha ukaguzi. Walichomlazimisha kuandika kwenye kompyuta, yeye ndiye anayejua kukitegua. Asijue habari za dada yake mpaka kazi iishe."

"Shangazi..."

"Sijakuomba. Nimekuagiza."

Sindano alivua koti lake, akamfunika marehemu uso. Akatoka mbio.

Saa tano na nusu, fundi wa viyoyozi mwenye ovaroli ya bluu alipita geti la wafanyakazi. Ndani ya sanduku lake la vifaa, chini ya spana, ililala bastola, Glock 19.

Kituo kilikuwa kimefurika. Malori yalinguruma kwenye njia nne za kupimia, na kila njia ilikuwa na mashine ya kunusa sumu na mionzi. Kando yake mabasi yalisubiri zamu, abiria wameshuka kunyoosha miguu, watoto wamepakatwa. Mbele ya njia ya tatu palikuwa na malango mawili. Lango la nje lilitokea barabara kuu. Lango la pili liliingia kizimbani: chumba cha zege, kuta za unene wa mita nzima, paa la chuma, cha kufungia mizigo ya hatari.

Chumba cha seva kilikuwa na baridi kali. Kijana mwembamba alikaa mbele ya skrini, kucha zake zimetafunwa hadi kwenye nyama. Kituo kizima kilimwita Miwani.

"Kiyoyozi kizima hicho," alisema bila kugeuka.

"Mbovu ni wewe." Sindano alizungusha ufunguo mlangoni. "Naijua njia ya tatu. Najua walimchukua dada yako. Nionyeshe ulichoandika."

Mabega ya Miwani yalianza kutikisika. Alilia kama mtu aliyebana kilio siku tisa, kisha akafuta miwani kwa shati, akafungua skripti, yale maagizo aliyoiandikia kompyuta.

"Kila mashine ina kigeu chake," alisema. "Yaani jina la sanduku la kuwekea kipimo. Nimeongeza mstari huu mmoja. Unasema jina la njia ya tatu halina tena sanduku lake. Ni lakabu, jina la pili tu la sanduku la njia ya kwanza."

"Halafu?"

"Mashine ya tatu ikinusa sumu, namba inaingia sanduku la kwanza. Papo hapo njia ya kwanza inaandika yake juu. Kompyuta ikiuliza ya tatu inasemaje, inajibiwa kipimo cha ya kwanza."

"Na ya kwanza inapitisha nini?"

"Malori matupu. Taa ya kijani kutwa." Akanyoosha kidole kwenye kibodi. "Nifute?"

"Usiguse! Taa ikiwa nyekundu, lori litasimama katikati ya mabasi. Nyuma yake kuna Land Cruiser, na ndani kuna mtu mwenye simu. Akipiga namba moja, lori linalipuka na unga unapeperuka."

"Basi tumekwisha."

"Kizimbani simu inashika?"

"Hata redio haishiki."

"Malango anafungua nani?"

"Msimamizi wa zamu, huko juu nyuma ya kioo. Ni mtu wao. Ndiye aliyeniletea picha ya dada amefungwa."

"Akibonyeza lango la nje, kompyuta inafanya nini?"

"Inaandika moja kwenye kigeu cha lango la nje, mota inasoma, halafu..."

Alinyamaza. Kwa mara ya kwanza akamtazama Sindano usoni.

"Lakabu," alisema.

"Dawa ya moto ni moto. Lango la nje libaki jina tupu. Kitakachofunguka kiwe kizimba."

"Na ubao wake utamwonyesha lango la nje limefunguka. Anayeuliza na anayejibu wanachungulia sanduku moja." Vidole vilishuka kwenye kibodi. Vikaganda. "Dada yangu yuko wapi?"

Feni za seva zilivuma.

"Nimekuuliza, mama. Dada'angu."

"Nimetoka kwake sasa hivi," Sindano alisema. "Yuko mahali ambapo hakuna atakayemgusa tena."

Miwani alifumba macho. "Mungu mkubwa."

Akaandika.

Mstari mmoja. Akaiwasha skripti upya.

Saa sita kasoro dakika mbili.

Lori jeupe la Scania liliingia njia ya tatu. Dereva alikuwa mtu wa kukodi, anatafuna njugu, hajui hili wala lile. Mashine ilinusa. Taa ikawaka kijani. Juu, nyuma ya kioo, msimamizi alibonyeza.

Lango la pili likafunguka.

Msimamizi alitazama ubao: *Lango la nje, wazi.* Akatazama uwanjani. Akatazama ubao tena. Dereva hakuwa na ubao. Aliona lango limefunguka, akaingia. Chuma kikajifunga nyuma yake kwa kishindo.

Msimamizi alikurupukia redio. Wafagiaji wawili waliokuwa nyuma yake wakaacha mafagio yao na kumlaza kifudifudi. Walikuwa watu wa Shangazi; Sindano alikuwa amewaelekeza kwa redio.

Ndani ya Land Cruiser, mwanamume mwenye glovu za ngozi alibonyeza simu.

Kimya.

Akabonyeza tena. Tena.

Mlango wa abiria ukafunguka, fundi wa viyoyozi akaketi kando yake.

"Mtandao unasumbua leo," Sindano alisema.

Mkono wa glovu uliruka kwenye droo ya mbele. Glock ililia mara mbili. Paji la uso wake likagonga usukani, na honi ikaanza kulia bila kukoma. Sindano alimvuta nyuma kwa kola. Honi ikanyamaza.

Motorola ikakwaruza. "Sindano?"

"Mzigo umefungiwa. Leteni wategua mabomu. Dereva hana hatia, msimpige."

Miwani alikuja akikimbia uwanjani, karibu kutabasamu. "Nipe simu! Nataka nimsikie japo sauti!"

Sindano hakutoa simu. Alisimama mbele yake, akamwambia kweli yote, na hakutazama pembeni.

Miwani hakupiga kelele. Aliketi chini kwenye lami ya moto. Abiria wa basi waligeuka kumtazama.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kabla sijaandika?"

"Kabla."

Alisimama, akamzaba kofi. Sindano hakukinga. Akamzaba la pili, dhaifu zaidi.

"Ungeniambia," Miwani alisema. "Wale watoto wa kwenye mabasi wamenikosea nini? Ningelia, halafu ningeandika. Ungeniambia tu."

Sindano alitoa kipande cha karatasi, akaandika anwani ya nyumba alimolala dada yake. 

"Shangazi kwa Sindano," redio iliita. "Kazi imeisha?"

"Imeisha."

Alimwachia Miwani kile kipande cha karatasi, akachukua sanduku lake la spana, akatoka kwa miguu kupitia geti la wafanyakazi. Mlinzi alimuuliza kama kiyoyozi kimepona.

"Kimepona," alisema, akaendelea kutembea.