Nishikie Mara Moja

Kausar alikuwa uani akimenya vitunguu aliposikia wifi yake akiimba chumbani. Sauti haikumshangaza, maana Tahira alikuwa na sauti nzuri tangu alipoletwa bi harusi katika nyumba ile. Kilichomshangaza ni wimbo. Ulikuwa wimbo wa kubembeleza mtoto.

"Wifi, huo umeutoa wapi?"

"Si wa jana, wa kwenye sinema?"

"Upi wa kwenye sinema?"

"Wewe nawe! Ule wa katikati, pale binti muuza maua anapomlaza mtoto kwenye ungo."

Kausar akaweka kisu chini. Filamu ile alikwisha kuitazama mara ya kwanza na mama yake mdogo, na jana akairudia na Tahira. Nyimbo zake zote alizijua, na asubuhi ile alikuwa ameziimba jikoni mpaka mama yake akamtishia mwiko. Binti muuza maua hakuwa na mtoto. Filamu nzima haikuwa na mtoto, wala ungo.

Haya yalitokea Hyderabad, katika kichochoro cha wauza bangili nyuma ya mnara wa Charminar, miaka ile ambapo filamu ya nyimbo ikipendwa ilikaa ukumbini miezi na miezi na watu wakakubali kuitazama wamekaa ngazini. Nyumba ilikuwa ya Sardar Begum, mjane, aliyeishi na mwanawe Yakubu, fundi wa kushona makoti ya harusi, na mke wa Yakubu, Tahira, na dada yake Yakubu, Kausar, ambaye posa yake ilikuwa imekwisha kupokelewa. Mwezi ule walikuwa wamezika. Tahira alijifungua mtoto wa kiume aliyeishi siku chache, akafa. Yakubu alimbeba mwenyewe mikononi mpaka makaburini, akarudi, akakaa kwenye cherehani na kushona mpaka asubuhi. Sardar Begum alimfunga mkwewe kifuani kwa kitambaa chenye maua ya asumini, kama wafanyavyo wanawake wa huko ili maziwa yakauke. Yalikauka. Tahira naye akakauka, hali, hasemi, anatazama ukuta tu.

Kausar ndiye aliyesema waende sinema.

"Mzazi hatoki magharibi kabla ya arobaini," mama yake alikataa. "Mtoto awepo asiwepo, yeye ni mzazi. Mlango wake bado uko wazi."

"Mama, hizo za zamani."

"Na majini je, ni ya kisasa?"

Yakubu hakuinua kichwa kwenye kitambaa chake. "Mwache aende, mama. Nyumba hii inammaliza."

Basi wakaenda, kwa riksho yenye pazia, na wakarudi Tahira akiwa na rangi usoni. Usiku ule alikula wali sahani nzima. Sardar Begum mwenyewe alikiri kwamba labda mwanawe alikuwa na akili kuliko yeye.

Sasa Kausar akaingia chumbani, akakaa kitandani karibu na wifi yake, akapunguza sauti.

"Hebu niambie ulichokiona jana."

"Nilimshikia mtoto wa watu," Tahira alisema, akitabasamu. "Taa zilipozimwa na Mama Hajra wa mlangoni akafungua pazia letu la upande wa wanawake, alikuja mwanamke akakaa upande wangu wa pili. Kajitanda nyeupe. Akaniambia, 'Dada, nishikie mara moja.' Nikamshikia. Mchanga kabisa, Kausar. Akawa anatafuta, anatafuta..." Akajigusa kifua. "Nikampa. Ungefanya nini? Mtoto analia."

"Maziwa si yalikauka?"

"Nilidhani hivyo hivyo."

"Halafu?"

"Halafu taa zikawaka. Mama yake alikuwa ameshamchukua."

"Ulimwona akimchukua?"

Tahira alifikiri kidogo. "Hapana."

Viti vya wanawake Kausar alivijua vyote. Jana yeye alikuwa amekaa kushoto kwa Tahira, na kulia kwa Tahira palikuwa na ukuta.

Siku ile ile ilianza harufu. Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyoungulia sufuriani, na Sardar Begum alikimbilia jikoni mara tatu akakuta jiko limezimwa na sufuria zimefunikwa. Kesho yake akamgombeza muuza maziwa. Keshokutwa harufu ikahamia chumbani kwa mwanawe, ikakaa huko.

Kisha ikaja sauti. Darini palikuwa na kulabu ya chuma waliyotundikia susu ya mtoto. Susu yenyewe Sardar Begum alikwisha kuitoa na kuificha, ila kulabu ilibaki. Mchana, watu wakiwa wamejinyoosha baada ya chakula na kichochoro kimya, kulabu ile ilianza kulia, kwii, kwaa, kwii, kwaa, taratibu, kama inavyolia ikibeba kitu kinachosukumwa na mkono. Sardar Begum alisimama mlangoni akatazama. Tahira alikuwa amelala ubavu, ameyafumba macho, mkono mmoja ukienda na kurudi hewani.

Mama mkwe alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo wake ukagusa nguzo ya uani.

"Kausar," alinong'ona. "Mlikwenda wapi ninyi? Niambie kweli. Mlikwenda wapi?"

Kausar akamweleza yote, akilia na mtandio mdomoni.

Yakubu alikuwa wa mwisho kuamini, kwa sababu alikuwa na furaha. Mkewe alikuwa anaongea tena. Alikuwa anacheka. Kwamba alikuwa anakonda hakuliona, mpaka siku moja bangili zilipomtoka Tahira mkononi zenyewe alipokuwa akimmiminia chai. Na usiku wa siku ile Yakubu aliamka bila kujua kilichomwamsha, akalala kimya akisikiliza, na mwanzo alisikia pumzi za mkewe tu, kisha akasikia nyingine, ndogo, za haraka, zikitoka baina yao wawili pale shuka lilipokuwa limebonyea, na chini ya pumzi zile ikaja sauti ambayo kila mtu aliyewahi kulala nyumba yenye mzazi anaijua, sauti ya mdomo mdogo ukivuta, ukimeza, ukipumzika, ukivuta tena, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikampanda puani mpaka machozi yakamtoka, naye akataka kusogea asiweze, akataka kusoma dua ulimi usitii, akakaa hivyo hadi adhana ya alfajiri ilipopanda, na hapo tu, kwenye mwanga hafifu wa dirishani, akaona shuka likiinuka taratibu na kunyooka, kama godoro linavyorudi mtu akinyanyuka, na pale palipobonyea hapakuwa na kitu.

Walimwita Pir Mahbub, shehe wa darga, kaburi la walii lililo ng'ambo ya mto. Alikuwa mtu mnene, mpenda ugoro, mwepesi wa mzaha, na watu walimsifu kwa kuwafukuza majini kwa matusi zaidi ya dua. Siku ile hakutania. Aliingia chumbani, akatoka upesi, akaomba maji.

"Huyu mimi simfukuzi," alisema.

"Kwa nini, Pir?" Sardar Begum akauliza. "Tutakupa chochote."

"Mama, jini aliyeingia kwa nguvu hutolewa kwa nguvu. Huyu hakuingia. Alipokelewa. Mwenzao kamwomba mkweo amshikie mtoto, naye kashika, kanyonyesha. Hiyo ni amana. Nikimpiga mtoto wao kwa aya, mama yake atakuja hapa, na hamtampenda."

"Na akibaki?" Yakubu aliuliza.

"Wanadamu hunyonya maziwa. Wao wakimaliza maziwa hawaachi." Pir alimtazama usoni. "Mtazame mkeo mikono. Sherehe ya dada yako hataiona."

Chumbani Tahira alikuwa akiimba.

"Arudishwe pale pale alipotolewa," Pir akaendelea. "Kiti kile kile. Mkeo aseme kwa ulimi wake, 'Amana yako nimekurudishia.' Akisha kusema, ainuke, asigeuke nyuma."

"Nitakwenda naye," Yakubu alisema.

"Kwenye viti vya wanawake? Utapita wapi? Hata mimi siwezi." Macho ya Pir yakamtafuta Kausar, aliyekuwa amejibanza nyuma ya nguzo. "Binti, ni wewe."

Siku mbili walimbembeleza Tahira. Hakupiga kelele, hakukana. Alikuwa na akili zake zote, na hilo ndilo lililowavunja moyo.

"Mnataka nizike mara ya pili," alimwambia mumewe.

"Nataka nisikuzike wewe," Yakubu akajibu. "Tahira, mimi nilimbeba mmoja. Siwezi kukubeba na wewe."

Tahira alikubali kwa sababu hiyo, na si kwa nyingine.

Wakaenda onyesho la jioni. Yakubu na Pir walisimama barabarani, mkabala na ngazi ya wanawake. Mama Hajra, bawabu wa mlango ule, alikata tiketi zao akimtazama Tahira kwa huruma. "Shoga, umekonda. Kula lakini." Wakakaa. Kausar kushoto, Tahira ukutani. Wanawake walikuwa wakipasua njugu na kutafuna tambuu, watoto wakigombea mapaja. Taa zikazimwa. Pazia likafunguliwa, nyimbo zikaanza, na ukumbi mzima ukaimba pamoja.

Katikati ya filamu Kausar alihisi baridi ubavuni. Akageuza macho bila kugeuza kichwa. Ukuta ulikuwepo, chokaa na madoa yake ya tambuu, na mbele ya ukuta, mahali ambapo hata paka asingepata nafasi ya kujikunja, alikuwa amekaa mwanamke aliyejitanda nyeupe, ametulia, anatazama filamu kama wengine, na mwanga wa picha ulimpita na kupiga chokaa nyuma yake.

"Wifi," Kausar alinong'ona. "Sema."

Tahira aliinua mikono yake iliyokunjwa kama ya aliyebeba mtoto, akaisogeza upande wa ukutani. "Dada. Amana yako nimekurudishia."

Alisema vizuri, bila kukwama. Kausar aliapa hivyo maisha yake yote.

Mwanamke hakupokea. Alimgeukia Tahira, na alichokisema alikisema kwa upole, kama jirani kwa jirani.

"Bado hajaacha ziwa. Nani atamnyonyesha?"

"Wewe."

"Mimi sina maziwa. Kama ningekuwa nayo, ningekupa umshikie?" Akainuka. "Twende basi, mpaka aache."

Kausar alimshika Tahira burka kwa mikono miwili, akavuta kwa nguvu zake zote, akapiga kelele, lakini wakati ule wimbo mkubwa wa filamu ulikuwa umepamba moto, ngoma na vinanda na watu mia wakiimba, na hakuna aliyemsikia, hata yeye mwenyewe hakujisikia, na burka ilimjia mikononi nyepesi, ikija tu, ikija, mpaka ikaisha. Taa zilipowaka alikuwa ameikumbatia tupu.

Walimtafuta ukumbini mpaka chini ya viti. Polisi walikuja, wakaandika, wakasema wanawake hukimbia waume zao kila siku. Yakubu hakubishana nao. Alimshika Pir mkono.

"Atarudi?"

"Ziwa la mtoto lina muda wake, Mungu kaliwekea miaka miwili kamili." Pir alivuta ugoro. "Ikipita hiyo, inategemea kama wale wana dini."

Akamfundisha aya za kusoma kama chochote kitakuja na mkewe. Yakubu alizisoma kila usiku. Kausar aliolewa mji wa Gulbarga, hakukanyaga sinema tena. Sardar Begum alileta wachumba, mwanawe akakataa, mwisho mama akachoka. Miaka miwili ilipotimia Yakubu alianza kusimama chini ya ngazi ya wanawake kila onyesho la jioni. Wanawake waliokuwa wakishuka walimcheka, kisha wakamzoea.

Jioni moja wote wakawa wamekwisha kushuka. Mama Hajra akatokea juu ya ngazi, uso umempauka.

"Bwana Yakubu," aliita polepole. "Kuna mtu wako humu. Anauliza kama riksho imefika."

Tahira akatoka nyuma yake. Alikuwa kichwa wazi, amevaa sari ile ile ya kijani aliyotoka nayo nyumbani siku ile, mashavu yamejaa, mzuri kuliko siku ya harusi.

"Mbona umeota ndevu?" aliuliza.

Yakubu alikuwa analia.

"Na Kausar? Mbona hakunisubiri?"

"Kausar ameolewa."

"Saa ngapi?" Tahira akacheka, akaanza kushuka.

Alishuka pole pole. Ngazi moja, akasubiri. Ngazi nyingine, akasubiri. Alikuwa ameinama kidogo upande wa kushoto, mkono wake umenyooka chini, vidole vimefumbata, na kila aliposubiri alitazama chini na kutikisa kichwa kutia moyo. Mama Hajra aliingia ndani, akafunga mlango, na Yakubu akasikia komeo.

"Hivyo hivyo," Tahira alikuwa akisema. "Mguu wa pili. Haya, msalimie baba."

Yakubu alijua la kufanya. Aya alikuwa nazo zote, neno kwa neno, tayari kwenye ulimi. Akafungua kinywa. Wakati huo vidole vidogo, vyenye joto, vilimwingia kiganjani, vikashika kidole chake kimoja, vikakibana.

Barabara ilikuwa tupu. Tahira alimtazama usoni, naye alikuwa amechoka kama mama yeyote aliyetoka safari.

"Hawezi kutembea mpaka nyumbani huyu," alisema. "Mbebe."

Yakubu akainama.