Pampu ya Mtaa wa Chini

Watu wa Mtaa wa Chini walimwita Mama Povu kwa sababu alikuwa dobi, na mikono yake haikukauka sabuni. Mvua zilipokosekana mwaka wa pili, bwawa lilipungua. Idara ya maji ikaanza kutoa maji kwa zamu. Mtaa wa Chini na Kilimani walipewa siku moja, kwa kuwa walitumia bomba moja. Bomba hilo lilipita chini kwanza, ndipo likapanda kilima.

Siku ya maji Mama Povu hakushikika. Alipanga mapipa uani, akawasha pampu ndogo aliyoiunga moja kwa moja kwenye bomba la mtaa.

"Bomba likikohoa tu, mimi navuta!" alijigamba kwa majirani.

Majirani nao hawakukubali kuachwa nyuma. Kila aliyeweza alinunua pampu yake.

Kilimani aliishi dada mkubwa wa Mama Povu pamoja na mama yao, ajuza aliyetembea kwa kushika ukuta. Siku moja dada alipiga simu.

"Mdogo wangu, huku bomba linatoa upepo mtupu. Wiki ya tatu sasa. Mama namfuta kwa kitambaa."

"Si mna zamu kama sisi? Nyie wa Kilimani mmezoea kulala. Fungueni bomba mapema."

"Tunalifungua tangu usiku!"

"Haya, yaishe. Nitawaletea madumu mawili."

Aliyapeleka mara moja tu. Kisha nguo za wateja zikamzonga, akasahau. Ila hakusahau kuwasimulia majirani jinsi anavyomtunza mama yake. Kwa kujisifu hakuwa na mpinzani.

Ndipo mashuka yakamwaibisha. Nyumba ya wageni ilimrudishia furushi zima. Mashuka yalikwenda kwake meupe, yakatoka na rangi ya chai, tena yananuka. Mama Povu aliwaka moto, akaenda idara ya maji kulalamika.

Idara ilimtuma mkaguzi wa mabomba, mwanamke mwenye sauti kubwa, asiyejua kumung'unya maneno. Aliingia uani, akasikia mngurumo, akasimama.

"Pampu hii ya nani?"

"Yangu. Nimeinunua kwa jasho langu."

"Izime. Sasa nisikilize, mama. Maji ya mgawo ni machache. Ili yapande kilima, yanahitaji msukumo ndani ya bomba. Pampu yako inaumaliza msukumo huo hapa hapa. Na hauko peke yako, mtaa mzima unanguruma. Unadhani huko juu wanapata nini?"

"Lakini tumegawiwa siku sawa!"

"Siku ni sawa. Maji si sawa. Aliye mwanzo wa bomba akinyonya, aliye mwisho anaambulia hewa."

"Na mashuka yangu je?"

"Bomba hili ni kuukuu, lina nyufa, na limepita kando ya mtaro wa maji taka. Likiwa limejaa, maji yanavuja kwenda nje. Likinyonywa, uchafu unaingia ndani. Huo uchafu umeuvuta mwenyewe."

Mama Povu alitaka kubisha. Kisha alikumbuka alivyomwambia dada yake kwamba wanalala. Aibu ilimshika mpaka miguuni.

Mchana ule ule alikodi mkokoteni, akapandisha madumu Kilimani. Alikuta mlango umefungwa. Jirani alimwambia mama yao amepelekwa hospitali, anaharisha vibaya.

Hospitalini alimkuta dada yake amekaa kando ya kitanda. Mama alikuwa amelala, amebaki mifupa.

"Tulichota dimbwini," dada alisema. "Maji ya kunywa niliyachemsha mpaka mkaa ukaisha. Baada ya hapo ningefanya nini?"

"Dada, ni pampu yangu. Pampu zetu huko chini ndizo zimewanyima maji. Sikujua."

Dada alimfunika mama vizuri.

"Hukuuliza," alisema, akageukia dripu.

Wiki ile mkaguzi aliitisha mkutano wa mitaa yote miwili. Alisema kuunga pampu kwenye bomba la mtaa ni marufuku. Mwenye pampu aitumie kupandisha maji kutoka kwenye pipa lake mwenyewe. Mama Povu alikuwa amekwisha kuifungua yake. Aliiweka mezani bila hotuba.

"Kwa hiyo Kilimani wachote, sisi tutoe macho?" mwanamume mmoja alifoka.

"Ndiyo," Mama Povu alijibu. "Tutoe macho. Wenzetu wameyatoa wiki ngapi?"

Walibishana hadi jua likazama. Mwishowe walikubaliana kwamba Kilimani watajaza kwanza, kila nyumba kwa kiasi kile kile, na wenye wagonjwa watatangulia. Wakimaliza, dada atapiga sufuria pale juu, ndipo Mtaa wa Chini wafungue mabomba yao. Mama Povu alipunguza wateja. Maji ya kusuuzia nguo hakuyamwaga tena, aliyatumia kulowekea nguo nyingine.

Maji yakafika Kilimani. Yakapatikana chini pia, machache lakini safi, na mashuka yakarudi kuwa meupe. Mama yao alirudi nyumbani, ila hakuweza tena kusimama.

Siku ya maji iliyofuata, Mama Povu alipanda kumwona. Zamani angeingia jikoni na kufunua masufuria kama mtu wa nyumbani. Safari hii dada alimkaribisha kwenye kiti cha sebuleni, ambako kitanda cha mama kilikuwa kimewekwa. Akatoka, akapiga sufuria, akarudi na glasi ya maji kwenye sahani, ile ya wageni.

Mama aligeuza kichwa pale kitandani, akatabasamu.

"Nilijua mwanangu wa chini atatuletea maji," alisema. "Ubarikiwe, mwanangu."

Dada alimsogezea Mama Povu sahani. Mama Povu alikunywa. Alipoiweka glasi chini, dada aliinama kwa heshima zote.

"Nikuongezee?"