Aliyeitikiwa Njiani

Siku Marlys Tvedt alipokwenda kuchukua trela yake ilikuwa Jumamosi ya kawaida kabisa. Jua la mwezi wa tano lilikuwa limetulia, na upepo wa Dakota Kusini ulivuma vilevile kama unavyovuma siku zote, bila haraka na bila kupumzika.

Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kidogo, mrefu, mwenye viganja vipana na macho ya mtu ambaye hajapata usingizi wa kutosha tangu zamani. Alimuuguza baba yake mpaka akafa. Kisha akamuuguza mama yake, miaka mingi zaidi, mpaka naye wakamzika kwenye ardhi iliyokuwa bado ngumu kwa baridi. Jioni ya mazishi, mdogo wake, Verna, alimuuliza sasa anataka nini maishani. Marlys alifikiri muda mrefu. Akasema anataka kulala mahali ambapo hakuna mtu wa kumwita.

Ndiyo sababu ya trela. Ilikuwa ndogo, rangi ya maziwa, kitanda nyuma, meza na benchi mbele, jiko la gesi la kutosha chungu kimoja. Aliyemuuzia ni mzee Delbert Kroon, mkulima aliyeachana na safari kwa sababu ya nyonga. Alimfundisha kila kitu palepale uwanjani: namna ya kuishusha trela juu ya kichwa cha chuma nyuma ya pikapu, kuvusha minyororo ya usalama, kuchomeka waya wa taa, na kuweka vipande vya mbao mbele ya matairi kabla ya kuifungua.

"Ukirudi nyuma, ukitaka trela iende kushoto, zungusha usukani kulia," mzee akamwambia. "Hapo ndipo watu wanapoachana na wake zao. Wewe uko peke yako, utagombana na nani?"

"Nitajigombeza mwenyewe."

"Haya. Na mzigo mzito uwe mbele, bibie. Ukijaza nyuma, trela itaanza kutikisa mkia. Ikishaanza, ni vigumu kuituliza."

Alifanya mazoezi kwenye uwanja wa kanisa, Verna akiwa amesimama pembeni na kikombe cha kahawa.

"Dada, umegonga pipa la taka."

"Nimeliona."

"Umeliona kabla ya kuligonga au baada?"

Wakacheka. Verna alisema baadaye kwamba hakuwa amemsikia dada yake akicheka tangu mwaka uliopita.

Aliondoka siku ya Jumanne asubuhi kuelekea magharibi. Alivuka mto Missouri akiwa ameshika usukani kwa nguvu mno, lakini trela ilimfuata vizuri, na kufikia katikati ya asubuhi mikono yake ikalegea. Alikula mkate wa mayai huku akiendesha. Redio ilitangaza bei ya ng'ombe. Hakuna aliyemuuliza kitu, naye hakumuuliza mtu, na utulivu huo ulimwingia mwilini kama dawa ya usingizi.

Baada ya saa sita mchana macho yakaanza kumsaliti. Akaegesha kwenye kipande kipana cha kokoto kando ya barabara, mahali pasipo nyumba wala mti, majani tu mpaka upeo wa macho. Akaingia kwenye trela, akavuta pazia, akajilaza bila kuvua viatu. Usingizi ukamchukua papo hapo.

Akaitwa.

Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka kuita, ikitoka nje, upande wa majani. Haikutaja jina. Ilisema tu, "Upo?"

Na Marlys, macho yakiwa yamefumba, akajibu kama alivyojibu usiku na mchana kwa miaka yote ile.

"Nipo. Nakuja."

Alikwisha kuinuka, alikwisha kufungua mlango, ndipo alipokumbuka kwamba mama yake amekufa. Akasimama na kitasa mkononi. Nje hapakuwa na mtu. Barabara tupu kushoto, barabara tupu kulia, majani yakilala kwa upepo. Alijicheka kidogo, cheko la uchovu. Watu wengine wangekuwa waangalifu zaidi, kwa maana wamelelewa wakiambiwa kwamba sauti usiyoijua haiitikiwi. Marlys hakulelewa hivyo. Alilelewa kuitikia.

Alipokuwa bado ameshika kitasa, trela iliinama kidogo upande wa ngazi, jinsi inavyoinama mtu akipanda. Akasema moyoni ni upepo. Akafunga mlango.

Aliporudi barabarani, pikapu ilikuwa nzito. Kwenye miteremko trela ilianza kuyumba, polepole, kushoto na kulia. Alipunguza mwendo, akalaumu upepo. Malori yalimpita. Dereva mmoja, alipofika sambamba naye, aligeuza uso akaitazama trela, kisha akamtazama yeye, kisha akakanyaga mafuta akaondoka upesi.

Alisimama kituo cha mafuta ng'ambo ya mpaka wa Wyoming. Msichana wa kaunta alimpa kahawa, akasita.

"Mama, samahani. Huyo bibi wa nyuma, mwambie ahamie mbele. Polisi wa hapa hawapendi mtu akae ndani ya trela ikitembea."

"Bibi gani?"

"Aliyeko dirishani. Amenipungia mkono ulipokuwa unajaza mafuta."

"Niko peke yangu, mwanangu."

Msichana akatazama nje kupitia kioo. Akamrudishia chenji yake kwa kuisukuma juu ya kaunta, mbali na vidole vyake.

Marlys alikwenda akafungua trela. Hakuna mtu. Lakini pazia alilolivuta mwenyewe lilikuwa limefunguliwa kiasi cha upana wa uso. Na katikati ya kitanda palikuwa na bonde. Akaweka kiganja pale.

Pana joto.

Angeweza kurudi nyumbani. Verna alimuuliza baadaye kwa nini hakurudi, naye akajibu kwamba alikuwa amechoka, hakuna zaidi. Kuogopa kunataka nguvu, naye nguvu zilikuwa zimekwisha siku nyingi. Akaendesha mpaka jua likawa chini, akafika kambi moja kando ya bwawa, mahali pa trela zipatazo ishirini na choo cha pamoja. Akajaribu kurudi nyuma kwenye nafasi yake, akapotoka, akajaribu tena.

Jirani yake akatoka kumsaidia. Alikuwa mstaafu kutoka New Mexico, mtu mfupi wa masharubu meupe, jina lake Eliseo Archuleta. Alimwelekeza kwa mikono mpaka trela ikakaa sawa.

"Ya kwanza?" akauliza.

"Ya kwanza."

"Inaonekana. Usinune, dada, ya kwangu ya kwanza niliiingiza ziwani." Kisha akachuchumaa, akaacha kutabasamu. "Umejaza nini huku nyuma? Tazama springi zilivyokaa. Umefikaje hapa salama?"

"Nyuma kuna mpira wa maji na kiti cha kukunja. Basi."

"Haiwezekani. Nionyeshe."

Wakaingia. Archuleta akainua ubao wa kitanda, akaona mpira wa maji na kiti cha kukunja. Akaurudisha ubao taratibu. Akabaki ameinama, kichwa kimeelekea upande mmoja, kama fundi anayesikiliza injini. Marlys alikuwa mlangoni. Upepo ulikuwa umetulia kabisa.

"Dada," Archuleta akanong'ona. "Umesema unasafiri peke yako?"

"Ndiyo."

"Wewe uko huko mlangoni. Mimi nimebana pumzi." Akatazama kitanda. "Sasa ni nani anayepumua hapa?"

Walitoka. Archuleta alimsihi akalale kwao, mkewe atamtandikia. Marlys akasema asante, hapana, hataki kusumbua watu. Hayo ndiyo maneno aliyoyasema maisha yake yote. Archuleta akamwambia taa ya nje ya trela yake itawaka mpaka asubuhi, na mlango hautafungwa kwa ufunguo.

Hakulala kitandani. Alijikunja kwenye benchi mbele, koti juu yake, mgongo kwa ukuta. Alikusudia kukesha. Mwili ulikataa.

Kabla ya mapambazuko, sauti ikasema, "Maji."

Mikono ya Marlys iliamka kabla yake. Ilijua kazi. Ikapata kikombe gizani, ikakijaza, ikampeleka nyuma kitandani. Mkono wa kushoto ukapita chini ya kichwa, ukakiinua kidogo, ili asipaliwe. Wa kulia ukaelekeza kikombe. Akasikia mmezo. Akasikia mwingine. Kichwa kilikuwa chepesi, cha moto, nywele chache zimelowa jasho.

"Polepole," Marlys akasema. "Polepole, mama."

Ndipo akaamka kweli.

Mama yake alikuwa na kovu kisogoni, la kuangukia jiko utotoni. Vidole vyake vililijua kovu lile. Alilitafuta sasa, bila kupumua. Alipapasa juu. Alipapasa chini.

Hapakuwa na kovu.

Sauti ikasema gizani, kwa shukrani, "Mama yako alituambia. Mikono yako ni mizuri."

Hakupiga kelele. Alikilaza kile kichwa juu ya mto, taratibu, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kukilaza. Akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka mgongo ukagusa mlango. Akatoka. Akakaa kwenye ngazi ya Archuleta chini ya taa mpaka kukapambazuka, kikombe kitupu mkononi.

Archuleta alimkuta pale. Hakumuuliza mengi.

"Unaiacha?"

Marlys akatikisa kichwa kukubali.

"Basi tuifungue. Na hata ukiambiwa nini kutoka humo ndani, wewe usiitikie. Bibi yangu alikuwa mkali sana kwa jambo hilo."

Waliweka mbao kwenye matairi. Archuleta akazungusha jeki, Marlys akachomoa waya wa taa, akaanza kufungua minyororo. Jua lilikuwa limeshapanda, watoto wa trela ya tatu walikuwa wakikaanga chapati za maziwa nje, harufu ya siagi imejaa kambi.

"Upo?" ikasema sauti kutoka ndani.

Marlys akauma kola ya koti lake.

"Upo? Nimelowa."

Mnyororo wa pili ulikuwa umekwama. Archuleta alipiga ishara ya msalaba, akaendelea kuzungusha jeki.

"Nina baridi. Njoo unigeuze."

Machozi yalikuwa yakimtiririka Marlys. Si ya woga. Kila kiungo mwilini mwake kilikuwa kikitaka kwenda. Mnyororo ukafunguka. Ndani kukasikika kishindo, kile kishindo anachokijua kila mtu aliyewahi kuuguza, mgonjwa anapoanguka kutoka kitandani. Kisha kulia. Kulia kidogo, kwa aibu, kama wazee wanavyolia wakiwa sakafuni.

Alipiga hatua moja kuelekea mlangoni. Archuleta akamshika mkono.

"Panda gari, dada," akamnong'oneza. "Panda, uende."

Akapanda. Hakutazama kioo cha pembeni. Aliendesha mchana kutwa, akalala ameketi kwenye maegesho ya duka, akaendesha tena, mpaka akafika mlangoni kwa Verna. Alilala chumba cha wageni siku mbili mfululizo. Verna alikuwa akiingia mara kwa mara kumtazama, na hakumwita.

Mwenye kambi alipiga simu baadaye kuuliza aifanye nini trela. Alisema ameikagua, ni safi, nyepesi, springi zake nzima, haina harufu wala kasoro. Marlys akamwambia aichukue. Mwenye kambi akaiuza kwa wachumba waliokuwa wakielekea baharini, na hakuna habari mbaya iliyosikika juu yao. Archuleta alituma kadi ya Krismasi yenye picha ya mkewe na mbwa. Maisha yalirudi. Marlys alipata kazi ya nusu siku maktaba, kazi ya kimya, akaanza kunenepa kidogo.

Ilikuwa mwezi wa saba wa mwaka uliofuata, wakiosha vyombo, Verna alipoona. Marlys alikuwa amekunja mikono ya shati. Juu kidogo ya kifundo cha mkono wa kushoto palikuwa na alama ya damu iliyovilia chini ya ngozi: vidole vinne upande mmoja, gumba upande wa pili. Vyembamba. Marlys alisema labda amejigonga. Ikafifia, kama alama yoyote inavyofifia. Baada ya majuma machache ikarudi, mbichi, ya zambarau, chini ya kiwiko. Daktari akapima damu, akasema damu haina neno. Ikafifia. Ikarudi juu ya kiwiko, vidole vikielekea juu, kama vya mtu anayejivuta kutoka kitandani kwa kumshika anayemwinua. Marlys akaanza kuvaa mikono mirefu, hata kwenye joto.

Wiki iliyopita Verna alimsaidia kuvaa koti. Blauzi ikateleza kidogo shingoni. Alama ilikuwa imefika begani.

Akatazama bega la pili. Nalo lilikuwa na alama yake, kama la mtu anayebeba mgonjwa mgongoni.