Maziwa ya Gaju

Kila asubuhi Mzee Nehemiya alimkamua mwenyewe ng'ombe wake, Gaju. Bakuli la kwanza lilikuwa la mjukuu wake, Ikirezi, aliyeyanywa maziwa yakiwa bado na povu. Katika nyumba ile maziwa hayakupikwa. Tangu kule milimani Kivu wazee walisema ukiyachemsha, chuchu za ng'ombe hupasuka, naye hukauka.

Asubuhi moja Ikirezi alikataa bakuli. Alikuwa anaharisha damu, macho yamezama. Mchana walikuwa ndani ya ambulansi, wakitoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwenda Mbarara. Mama yake, Nyirabizimana, alimnywesha kwa kijiko dawa ya kutibu kuharisha iliyochanganywa na maji safi.

"Atapona?" Nehemiya alimuuliza Pascaline, muuguzi aliyewasindikiza.

"Iko hatari, Muzee, sitakudanganya. Mama, usiache kijiko."

"Maji munamupa, maji inatoka. Ni kazi gani hiyo?"

"Kifuniko ya kusuka, ile ya chombo yako ya maziwa, inavuja?"

"Marehemu muke wangu alisuka ile. Hata tone haipite."

"Basi, ndani ya matumbo kuna ngozi nyembamba. Chembe zake zimeshikana vile vile. Bakteria mubaya ikiingia, inatoa sumu. Inalegeza pale chembe zimeshikana, na zingine inaziua. Maji ya mwili inavuja, damu inafuata. Ngozi ile itaota tena, lakini maji ya mwili isiishe kwanza."

"Iliingia na nini?"

"Maziwa munachemshaka?"

Nehemiya alitazama nje, vilima vya Masha vikipita. Nyirabizimana alijibu bila kumwangalia baba mkwe wake. "Hapana. Baba anakataza."

"Inawezekana ni maziwa. Mavi kidogo tu kwa chuchu ama kwa mikono, inatosha."

"Ngombe zote ziliisha kule Kivu," Nehemiya alisema. "Nilibaki na Gaju tu."

"Na wajukuu kama Ikirezi, uko nabo wangapi?" Pascaline aliuliza.

Mzee alisogea karibu na mtoto. Alichukua kijiko mikononi mwa Nyirabizimana, akaanza kunywesha yeye.

Hospitalini Mbarara, Ikirezi alitundikiwa maji ya mshipa na kupewa dawa. Siku zikapita kwa hofu. Kisha damu ikakoma, na mtoto akaomba uji.

Waliporudi nyumbani, Nehemiya alinawa kwa sabuni, akaosha chuchu za Gaju, akakamua. Akaweka sufuria motoni mwenyewe, mpaka maziwa yakachemka na kupanda.

Kesho yake, kabla hata ya sala, Nyirabizimana alimkuta zizini, ameinama chini ya ng'ombe.

"Gaju anasema nini, Baba?"

Mzee alipapasa chuchu moja moja. Zote zilikuwa nzima.

"Anasema hata hakujua kama moto uliwaka. Leta sufuria."