Shikeni Mashua
Kila jioni fundi cherehani alifunga duka, akachukua kafi lake, akaenda ziwani. Alikuwa katika timu ya mashua ya mtaa, mashua ndefu na nyembamba yenye kichwa cha joka. Kila benchi lilikaa watu wawili. Mwenzake alikuwa wifi yake, dada wa mumewe.

"Wifi, leo usinirushie maji. Nimesuka," fundi alisema.

"Nywele zenyewe za dukani. Acha zioge!"

Fundi hakujua kuogelea. Wifi aliogelea kama samaki.

Mashindano yalipokaribia, dereva wa boti ya uokoaji aliwakusanya ufukweni.

"Mashua ikipinduka, mtafanya nini?"

"Nitaogelea hadi nchi kavu nikalete msaada," wifi alisema. "Kisha nirudi kumchukua huyu."

"Ukirudi utamkuta?"

Wifi alimtazama fundi.

"Nchi kavu huonekana karibu kuliko ilivyo," dereva alisema. "Mawimbi humchosha hata hodari. Nami kichwa kimoja majini nitakiona kwa shida, lakini mashua nitaiona. Hii haizami hata ikijaa maji. Shikeni mashua. Kila mtu amtafute mwenzake, kisha mtaje namba ya benchi lenu. Benchi likinyamaza, tunajua nani hayupo. Na jaketi la kujiokolea livaliwe na kufungwa, hata na samaki."

Watu walicheka. Kisha aliwaamuru waipindue mashua palepale, penye maji ya kifuani.

"Na nguo zetu hizi?" fundi aliuliza.

"Ziwa halitakungoja ubadilishe, mama."

Siku ya mashindano upepo uligeuka ghafla. Wimbi liliingia ubavuni, mashua ikapinduka. Wifi aliibuka, akaiona nchi kavu, akaanza kuogelea. Nyuma yake sauti ziliita.

"Moja!" "Mbili!" "Tatu!"

Kimya. Benchi namba nne lilikuwa lake na fundi.

Aligeuka. Atamwambia nini kaka yake? Aliogelea kurudi kwenye mashua.

"Wifi!" aliita.

"Niko huku!" fundi aliitika.

Fundi alielea upande wa pili, jaketi limembeba. Walishikana mikono juu ya mgongo wa mashua.

"Nne!" walipaza sauti pamoja.

"Tano!" "Sita!"

Ziwa lilitanda hadi upeo wa macho, na mawimbi yalikuwa marefu kuliko vichwa vyao. Hata hivyo, mashua iliyojaa maji iliwabeba wote. Fundi alikodoa macho. Hakuwahi kuona jambo kubwa namna hiyo.

Boti ya uokoaji ilifika.

"Nani aanze?" dereva aliuliza.

"Huyu," wifi alisema. "Mimi nabaki na mashua."

"Tunapanda wote wawili," fundi alijibu, wala hakumwachia mkono.