Albina Ajifunza Kazi kwa Fundi Saad

Miaka michache kabla ya Uhuru, Cornelia aliishi Izia, huko Ufipa, na binti yake Albina. Walilima mahindi na ulezi. Albina alikuwa kiziwi tangu alipougua utotoni. Shuleni alijifunza kwa kutazama ubao na midomo ya mwalimu. Kwa kushona kwa sindano, hakuna aliyemfikia. Sasa ulibaki mwezi mmoja amalize masomo.

"Akimaliza atafanya nini?" Mwalimu Hilaria alimuuliza Cornelia.

"Atakaa nyumbani atwange ulezi. Nani atampa kazi, Mwalimu?"

"Mwenyewe umemuuliza?"

Cornelia hakuwahi kumuuliza. Jioni ile alimuuliza kwa ishara. Albina akakanyaga chini kwa mguu, mikono ikasukuma kitambaa hewani. Kumbe anataka cherehani!

"Basi aanze sasa, kabla hajamaliza," Mwalimu akasema Cornelia alipomweleza kesho yake. "Akikwama, bado tuko naye."

Fundi Saad alishona nguo kwenye baraza la duka mjini. Mwalimu alipomwomba, alikubali kumjaribu Albina kila alasiri kwa wiki mbili. "Akinishinda, namrudisha," alisema. Mjini hapakuwa na fundi mwingine aliyekubali.

Siku ya nne mambo yakaharibika. Sisi Wafipa kwa salamu hatuna mchezo. Kijana akimwona mkubwa hupiga magoti na kupiga makofi polepole. Bibi mmoja alipanda barazani, akangoja salamu. Albina hakugeuka.

"Binti mzima hana adabu! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," bibi akasema. Akaondoka na kitambaa chake. Kesho yake wakaondoka wengine wawili.

Fundi akamwita Mwalimu. "Mshono wake safi, sikatai. Lakini wateja wanakimbia. Mchukue."

"Niache leo nikae nitazame."

"Utazame nini?"

"Sijui bado. Ndiyo maana nataka kukaa."

Mwalimu akakaa alasiri nzima. Wateja walikuja kwa nyuma ya Albina. Fundi alipotaka kumwita, alimrushia kipande cha kitambaa begani. Albina akashtuka, na mshono ukaenda upande.

"Fundi, kwa nini cherehani imetazama ukuta?"

"Niliiweka mwenyewe, nisishughulishwe na wapita njia."

"Wewe mtu akija unamsikia. Yeye husikia kwa macho."

Fundi akajikuna kidevu. "Nimemfunga macho mimi mwenyewe, halafu namlaumu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo."

Wakaigeuza cherehani itazame barabara. Wakapatana kwamba Fundi akimwita, agonge meza. Albina atausikia mtikisiko mikononi. Na mteja aonyeshe kwa kidole anavyotaka nguo yake.

Yule bibi alipopita tena, Albina alimwona kutoka mbali. Kabla hajafika, binti alikuwa amepiga magoti. Bibi akacheka, akarudi na kitambaa.

Wiki mbili zikaisha. Fundi hakumrudisha, na shule ilipofungwa Albina akaanza kushinda pale kutwa.

Ijumaa moja Cornelia alileta gauni lake lishonwe. Fundi alikuwa ameenda msikitini. Siku zote Ijumaa alifunga kazi kwanza, lakini leo alimwachia Albina. Akaingia mama mmoja mgeni.

Cornelia akawahi kumweleza. "Samahani, mama, huyu mwanangu hawezi..."

Albina akamshika mama yake mkono taratibu, akamketisha kwenye benchi la wateja. Kisha akampima yule mgeni mabega na kiuno, akaandika vipimo.

Cornelia aliona haya kidogo, na furaha ikamjaa. Akakunja gauni lake mapajani, akangoja zamu yake.